Kamongo Wetu wa Ipuli

Kuna harufu moja inayonitoa machozi mbele za watu, nayo si ya kitunguu wala ya ubani. Ni harufu ya tope lililokauka kabisa, halafu likamwagiwa maji. Juzi mafundi matofali walikuwa wakimwagia udongo maji nyuma ya shule ninayofundisha hapa Nzega, upepo ukaileta harufu mpaka darasani, nami nikashindwa kumalizia sentensi niliyokuwa nikiiandika ubaoni. Watoto walidhani vumbi la chaki limeniingia machoni. Nikawaacha wadhani hivyo.

Nilikuwa nimerudi siku mbili tu kabla ya hapo kutoka Tabora, kumzika Bi Mwantumu. Mwalimu mwenzangu mmoja, kijana mstaarabu anayetoka mbali na huku kwetu, alinisindikiza msibani. Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwa upole kwamba kile nilichokifanya pale mlangoni, mbele ya jeneza, hakukielewa hata kidogo, na kwamba kwao ningefukuzwa. Nilimwambia asubiri, nitamweleza. Basi maelezo yenyewe ndiyo haya, na hayaanzi na msiba. Yanaanza na samaki.

Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa ya treni, na safari zake nyingi zilikuwa za njia ya Kigoma. Wenye umri wangu mnakumbuka wanaume wa reli walivyokuwa wakirudi nyumbani: huyu na mkungu wa ndizi, yule na chumvi ya Uvinza, mwingine na samaki wa migebuka waliokaushwa. Baba yangu siku moja alirudi na dumu lililokatwa mdomo, na ndani yake kitu cha urefu wa kijiko kilichokuwa kikijikunja kwenye maji ya rangi ya chai. Alikuwa amekinunua kwa mvuvi pale Malagarasi, treni iliposimama.

"Nyoka huyo," Mama alisema, akarudi nyuma mpaka mlango wa jikoni.

"Ni kamongo."

"Kama ni kamongo mlete huku apikwe."

"Huyu si wa kupikwa. Ni wa kutazama."

Mama alimtazama Baba, si samaki. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitu cha kutazama tu. Hata kalenda ya parokia ukutani ilikuwa na kazi yake, na ilipoisha mwaka ilifunika madaftari.

Tangi lilikuwa tayari. Mkahawa mmoja karibu na stesheni ulikuwa umefungwa, na mwenyewe alipohama alimwachia Baba tangi la kioo alilowahi kufugia visamaki vyekundu vya mapambo. Kona moja ilivuja, Baba akaiziba kwa silikoni, akaliweka sebuleni juu ya meza ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, mahali ambapo majirani zetu wa Ipuli, pale Tabora, waliweka televisheni. Chini alitia mchanga wa mto na kipande cha bomba pana ili mgeni apate pa kujificha. Akamtilia na wenzake wa kumchangamsha, perege wawili na kambare mdogo mwenye sharubu.

Wiki ya kwanza perege mmoja akatoweka. Mama alimshuku paka. Wiki ya pili akatoweka wa pili, na paka akafungiwa stoo bila hatia. Kambare alipopotea, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimebandika pua kwenye kioo baada ya shule, na kamongo alikuwa ametulia chini akijifanya kipande cha kuni. Kambare alipita mbele yake. Sikuona mwendo wowote. Niliona tu kwamba kambare alikuwepo, halafu nusu yake ilikuwa nje ya kinywa cha kamongo. Kisha akaanza kumtafuna, kweli kumtafuna, kama mzee mwenye meno machache anavyotafuna nyama. Alimtema, akamvuta tena, akamtema, akamvuta, bila haraka yoyote, macho yake madogo kama punje za ulezi yakinitazama. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimewahi kuogopa vitu vingi, lakini kwa mara ya kwanza niliogopa kitu na nikatamani kisiishe.

Tangu hapo hatukumtilia mwenzake. Kazi ya kumlisha nikaibeba mimi: panzi wa majanini, minyoo ya kando ya bomba, konokono, na siku za sikukuu utumbo wa kuku. Alikula, akakua. Kila mwezi Baba alipima urefu wake kwa rula kupitia kioo, na kila mwezi alipiga mluzi.

Sasa nimtambulishe Bi Mwantumu, maana alikuwa akiingia kwetu bila kubisha hodi, na katika simulizi hii nimemchelewesha tayari. Alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, mjane wa dereva wa treni, Mzaramo aliyefuata mume kutoka pwani akiwa msichana na asirudi tena. Alikaanga vitumbua asubuhi, mchana akauza, jioni akaja kwetu kututukana. Nasema kututukana kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu na mizigo kutoka huku mpaka pwani, na kufika kwenye baraza za babu zake wakiwa hoi. Hayo hakuna aliyenieleza nikiwa mdogo. Mimi nilisikia matusi tu.

"Wapagazi nyie!" alisema siku ya kwanza alipomwona samaki. "Mlibeba pembe za watu, mkabeba na pumba, leo mmebeba nyoka kwenye dumu. Mzigo haujawaishia tu?"

"Mzaramo, nenda kageuze vitumbua," Baba alimjibu. "Ngoma ikilia stesheni utaacha nyumba inaungua."

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu hawa wawili wanachukiana, na nikashangaa kwa nini kila mmoja akipika kitamu anampelekea mwenzake.

Mimi aliniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kike, na ndiye aliyenifundisha adabu mbele ya kamongo. "Usimkodolee macho kimyakimya kama picha," aliniambia. "Huyu mkubwa wako. Huoni makunyanzi? Ukiamka msalimie."

Nikapiga goti mbele ya tangi. "Shikamoo."

Kamongo hakutikisika. Nikaanza kuhesabu, kwa sababu nilikuwa nimejua kuhesabu mpaka mia mbili na nilihesabu kila kitu. Nilipofika sabini na kitu aliinuka polepole, mapezi yake membamba kama kamba yakipapasa kioo, akatoa pua juu ya maji, akafungua kinywa. *Haah.* Akashuka.

"Umesikia?" Bi Mwantumu alisema. "Amekuitikia."

Sikujua kwamba kamongo ana mapafu na kwamba hupanda kuvuta hewa kama sisi tunavyovuta. Nilichojua ni kwamba kiumbe aliyemtafuna kambare mzima mzima alikubali kuniitikia mimi. Kila asubuhi kabla ya chai nilipiga goti, nikasalimu, nikahesabu polepole. Siku nyingine aliitika kwenye arobaini, siku nyingine kwenye mia na ishirini. Kuvuka mia mbili hakuwahi.

Alipofikia urefu wa mkono wangu, kioo kilikuwa kidogo kwake; alikaa amejikunja kichwa kikigusa mkia. Siku Baba alipotia mkono kutoa bomba, kamongo alimng'ata kidole akaondoka na kipande cha nyama, na Mama akasema ama yeye ama samaki. Baba alifunga kidole kitambaa, akamwangalia mnyama wake kwa heshima mpya, akakata pipa la mafuta kwa urefu kama mtumbwi na kulilaza uani chini ya ukingo wa bati. Akajaza tope la mbuga karibu nusu, akamimina maji, akafunika kwa wavu wa banda la kuku na mawe juu yake. Sebuleni tulibaki na tangi tupu ambalo Mama alilitilia viazi.

Lazima niseme jambo moja zaidi, ndipo mengine yaeleweke. Mwaka huohuo babu yangu, baba yake Baba, alifariki. Katikati ya kilio, watu wote wakiwa chini, Bi Mwantumu aliingia amevaa koti la babu na kofia yake, ameshika mkongojo wake, akikohoa kikohozi chake hasa, akiuliza kwa sauti yake nani ameiba tumbaku. Alikwenda mpaka kaburini akalala ndani ya shimo, akasema hatoki mpaka aletewe kuku. Wazee walicheka huku wakifuta machozi, kuku akaletwa, akatoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini mimi nilichobeba kichwani ni hiki tu: mtu akifa, Bi Mwantumu huvaa nguo zake.

Kisha Baba akaanza kuvimba tumbo. Alitembea ameliwekea mkono kama aliyebeba chungu. Dawa za Tabora zilipogoma, ikaamuliwa apelekwe Mwanza akafanyiwe upasuaji, na Mama aende naye. Mimi nibaki na Bi Mwantumu. Siku ya kuondoka Baba alinichukua mpaka kwenye pipa, akainama kwa shida.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita alipokuwa na jambo zito, "mtunze huyu mpaka nirudi. Nikirudi nimkute."

Hakusema zaidi. Lakini mtoto hasikii maneno tu. Husikia na yale anayoyaogopa. Nilichosikia mimi ni kwamba samaki akiwepo, Baba atarudi. Na kama hayupo, basi.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mabomba ya Ipuli yalikuwa yakitoa maji mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha yakatoa upepo. Tulikwenda kwenye kisima na kupanga ndoo foleni tangu alfajiri. Bi Mwantumu alihitaji maji ya unga wa vitumbua, ya kupikia, ya udhu, na pipa lilikuwa na tundu la kutu tusilolijua, maji yakinywea chini taratibu. Mimi nilijiwekea sharti: maji yangu ya kuoga, nusu yangu, nusu ya kamongo. Nililitimiza kwa wiki nyingi. Kisha likaja shindano la rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kati ya mtaa wetu na wa jirani, na mimi nilikuwa mkwepaji hodari. Siku ya kwanza nilirudi nimechoka nikasema kesho. Siku ya pili nikasema kesho. Siku ya nne tulishinda, na nilipokwenda kwenye pipa nikiwa na ndoo yangu na majivuno yangu, hapakuwa na maji. Palikuwa na tope tupu linalong'aa, na katikati yake tundu moja dogo, kama mtu alichomeka kidole akakitoa.

"Shikamoo," nikasema.

Nilihesabu mia mbili, nikarudia tena mia mbili. Niliimwaga ndoo ile kwa pupa, maji yote yakaangukia pembeni ya pipa, na hapakuwa na nyingine. Wavu ulikuwa mahali pake, mawe mahali pake. Sikumwambia mtu. Kila siku tope lilizidi kukauka, likapasuka vipande kama vigae, na mimi nilipita mbali na pipa nikiangalia pembeni. Usiku nilisali rozari nikiruka tendo la majuto, ile sala ya toba, kwa sababu nilijua nikilisema kwa moyo nitalazimika kuungama.

Jumamosi moja nilirudi kutoka mafundisho ya komunyo, nikasikia vicheko uani. Nilizunguka kona ya nyumba, nikasimama.

Bi Mwantumu alikuwa amevaa koti la kazi la Baba, lile la bluu lenye mafuta ya mabehewa. Kichwani alivaa kofia ya Baba. Mkono mmoja alishika spana, mwingine ameuweka tumboni, na alitembea kulizunguka pipa kwa ule mwendo wa Baba wa siku za mwisho, hatua fupi fupi. Wanawake wawili waliokuja kununua vitumbua walikuwa wamekaa chini wakivunjika mbavu.

"Ooo jamani!" alilia kwa sauti nzito ya Baba. "Wapagazi wameshindwa kubeba hata ndoo moja ya maji! Mizigo ya pwani mliibeba, ndoo imewashinda! Siondoki hapa mpaka niletewe kuku!" Akajilaza chini kando ya pipa, akakunja mikono kifuani.

Nadhani nilikaa chini. Sikumbuki kukaa. Nakumbuka tu nilikuwa chini, na kwamba vicheko vilikatika.

"Mke mwenza?" Bi Mwantumu aliinua kichwa. "Una nini?"

"Bibi," nikasema, "Baba amekufa lini?"

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. Alilivua lile koti kama linamuunguza. "Astaghfirullah. Nani kasema? Aliyekufa ni samaki! Nimekuta pipa limekauka, nikasema nimcheze baba yako anavyomlilia samaki wake. Yeye ni mfiwa, siye marehemu! Nilikuwa nimsimulie akirudi, acheke."

Sikumwamini. Nilikuwa nimemwona na koti la babu. Alifungua fundo la kanga akatoa simu yake, akampigia Mama, akaniwekea sikioni nisikie mwenyewe. Namba haipatikani. Akapiga tena, na tena. "Ni mtandao tu," alisema, lakini sauti yake haikuwa imara, nami niliisikia.

Ndipo yote yakanitoka: rede, siku nne, ndoo niliyoimwaga pembeni, tundu kwenye tope. "Baba alisema nimtunze mpaka arudi. Mimi nimemuua. Samaki hayupo, basi Baba harudi."

Wale wanawake waliondoka wakiwa wameinamisha vichwa. Bi Mwantumu alikaa pale chini na vumbi lake, akatazama pipa, akanitazama mimi.

"Maiti umeiona?" aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Hata mimi sijaiona. Nimelia msiba bila kuona maiti. Mtani gani mimi?" Akainuka, akaingia kwake, akatoka na ndoo mbili. Nilizifahamu ndoo zile. Moja ilikuwa ya udhu na kupikia, nyingine ya unga wa kesho, na hakukuwa na ya tatu mpaka foleni nyingine. Alizimimina zote mbili juu ya tope, polepole, akiizungusha ndoo kama anayenyunyizia bustani. Tope lilinyonya kwa sauti, likatoa mapovu, na ile harufu ikapanda, nzito, ya chini kabisa ya ardhi.

Aliinama mpaka kinywa chake kikakaribia nyufa. "Toka, mtani," alisema. "Mvua imenyesha."

Miaka mingi baadaye alikiri kwangu kwamba hakuamini chochote. Alitaka tu nione maji ndani ya pipa, ili nile ugali uliokuwa umebaki wa mchana. Nilikula kidogo. Jioni yote nilikaa mlangoni nikitazama pipa, na hakuna kilichotikisika isipokuwa mapovu.

Alfajiri nilitoka naye uani. Yeye ameshika birika lenye kikombe kimoja cha maji alichokopa kwa jirani kwa ajili ya udhu, mimi sijui nimefuata nini. Mwanga ulikuwa wa kijivu. Nilipiga goti mbele ya pipa kwa mazoea tu.

"Shikamoo."

Nikahesabu. Hamsini. Mia. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa, hayaonyeshi kitu. Mia na hamsini. Nilipofika mia mbili niliacha, kwa sababu mbele ya hapo nilikuwa sijawahi kwenda. Lakini kichwa kiliendelea chenyewe, mia mbili na moja, na mbili, na tatu, na tope likainuka.

Naandika neno moja moja kwa sababu ndivyo nilivyoona. Tope liliinuka kwanza, kama kuna mtu chini anasukuma blanketi. Likapasuka. Kikatoka kichwa, kikubwa kuliko nilivyokikumbuka, maana mwili ulikuwa umekonda nyuma yake. Mgongoni kulikuwa kumemganda ngozi nyembamba ya rangi ya majani ya chai, kama ganda la kitunguu, ikiachia vipande vipande na kuelea. Macho yalikuwa yamezibwa na tope, akayapangusa kwa kujipitisha kwenye ukingo wa pipa. Kisha akanyoosha pua juu ya maji, akafungua kile kinywa.

*Haah.*

Birika lilianguka. Bi Mwantumu, mwanamke aliyelala kwenye kaburi la babu yangu bila kupepesa, alikimbia mpaka ukutani, kandambili moja huku na nyingine kule, akisoma shahada kwa sauti iliyoamsha mtaa. Mimi sikukimbia. Nilihisi kitu ambacho kanisani waliniambia nitakihisi na sikuwa nimewahi kukihisi, kwamba mbele yangu kuna jambo kubwa kuliko mimi na kwamba halinidhuru. Nililia kwa furaha, nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Na kule ukutani Bi Mwantumu, baada ya kumaliza shahada mara tatu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa.

"Mke mwenza," aliniita akihema, "mwambie nilikuwa natania."

Saa nne asubuhi Mama alipiga. Simu yake ilikuwa imeisha chaji siku mbili. Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji, amezinduka, ameomba uji. Nilipokea habari ile kwa utulivu uliomshangaza Bi Mwantumu. Mimi nilikuwa nimeshaipata alfajiri.

Baba alirudi mvua zikiwa zimeanza, mwembamba, anatembea wima. Tulipomsimulia alicheka huku ameshika mshono. Kule Malagarasi, alisema, maji yakikauka kamongo huchimba tope akajifunga humo ndani akalala, na watu huwafukua kwa jembe. "Nilisahau kukwambia, mama. Jambo dogo namna hiyo, nikalisahau." Alisema hivyo mara nyingi, na mara ya mwisho hakuwa akicheka.

"Wewe ulisahau, mimi nikamfufua," Bi Mwantumu alimwambia. "Na kuku wangu wa msiba sijaletewa." Akaletewa, jogoo mwekundu.

Kamongo alikaa nasi misimu miwili zaidi, mpaka pipa nalo likawa dogo, na Baba akaamua imetosha. Tulimpeleka Malagarasi kwa treni, ndani ya pipa la plastiki, mimi nimeketi juu ya mfuniko uliotobolewa matundu. Tulimwachilia penye maji ya magotini. Alikaa kidogo karibu na miguu yangu, mrefu kunizidi, akatoa pua akavuta pumzi, akaenda. Baba alivua kofia.

Baba alipofariki kweli, mimi tayari nikiwa mwalimu, Bi Mwantumu alilivaa tena koti lile la bluu. Alikuwa amepinda mgongo, koti likimfika magotini. Nilikuwa wa kwanza kucheka, na sikuwahi kushukuru kitu kama kicheko kile.

Kwa hiyo wiki iliyopita, wanaume walipolinyanyua jeneza lake kulitoa nje, walikuta nimeketi katikati ya mlango. Nilikuwa nimevaa kanga yake na kandambili zake, moja ya bluu na moja nyekundu, maana hakuwahi kuwa na pea. Mbele yangu niliweka ndoo ya maji.

"Hapiti mtu," nikasema.

Wanawake kwenye mikeka wakaanza kucheka. Mpwa wake aliyekuja kutoka pwani akatabasamu, amechoka. "Mnyamwezi, tupishe. Unataka kuku?"

"Sitaki kuku. Mnakwenda kumzika Mzaramo bila kumjaribu kwa maji? Nyie watu wa pwani hamna akili."

Nikachota kwa kiganja, nikanyunyizia vumbi la kizingiti mara moja, mara mbili, mara tatu. Harufu ikapanda. "Toka, mtani," nikasema. "Mvua imenyesha." Watu wakacheka sana, kama inavyopaswa, hata waliobeba jeneza, likatikisika kidogo mabegani mwao. Mwalimu mwenzangu alikuwa amesimama uani ameshika mdomo.

Kicheko kilipotulia nilipiga goti pale kwenye tope nililolifanya. "Shikamoo, Bibi," nikasema, na nikaanza kuhesabu, polepole, kama zamani. Hakuna aliyeniharakisha. Nilifika mia mbili, nikaendelea kidogo, kama siku ile. Kisha nikasogeza ndoo, nikawapisha.